Shuka ya Kilima cha Ng'ambo

Mlimani, juu ya Lubondja
Tarehe 1 Machi 2023

Shemeji Rashidi,

Yesu asifiwe. Najua we uko Muislamu, lakini salamu haina dini, pokea tu. Mi ni bibi ya Mutambo, ule mwenye alikuwa anateremusha ngombe kwa baba yako kule Baraka. Mulikuwa munaitana ndugu, njo maana nakuita shemeji. Mutambo alikufa, sasa ni mwaka wa tatu. Aliniachia ngombe, aliniachia mutoto wetu Gisa, na aliniachia hii jumelle, darubini ya macho mbili, yenye Casimir, kijana wa kubeba mizigo, anakuletea mu mufuko ya maharagi. Kama mufuko inafika na jumelle haiko, shika Casimir.

Jumelle iko mugonjwa. Ndani ya kioo kuliingia kintu kama utando wa buibui, nikipangusa haitoke. Na yale macho mbili haisikilizane tena. Ngombe moja naiona mbili, na kichwa inaniuma.

Sikutume kazi ya muchezo. Gisa alihamisha ngombe ku kilima cha ngambo, juu ya kuogopa bezi ba ngombe. Bibi yake Ikirezi alikataa kubaki kwangu, akamufuata na mimba yake. Mwaka jana mimba ya kwanza ilimushinda mu njia, mutoto alikufa mbele tufike ku hospitali. Mara hii nimepanga banaume munane ba kanisa na kipoyi, machela ya miti ya kumubeba, banangoja neno yangu tu. Lakini kule ngambo réseau ya simu haiko. Kwa macho kilima iko karibu, kwa miguu ni kushuka korongo na kupanda, nusu siku muzima. Basi kila asubuhi Gisa anatundika shuka nyeupe kando ya nyumba. Aliweka nguzo mbili, moja upande huu wa nyumba, moja upande ule. Nguzo moja inasema: tuko na amani. Ingine inasema: mama, kuja na kipoyi. Ipi ni ipi sikuandikie, juu barua zinafunguliwa ku barieri ya basoda na sipendi bantu bachezee shuka yetu. Na siku nitaona hakuna shuka kabisa, nitajua kuko mambo mubaya.

Mimba iko mwezi wa munane. Fanya mbio, shemeji.

Ni mi, Nyirarukundo, Mama Gisa

*

Baraka, tarehe 5 Machi 2023

Shemeji Mama Gisa,

Salamu zimefika na zimekaa kitako. Casimir naye amefika mzima, usimfunge bado. Jumelle ilikuwa katikati ya maharagi kama ulivyosema, na kule barieri walipima mfuko kwa mkono tu wakachukua vikombe vitatu. Wangeiona, wangesema tunapeleleza, na mimi sina umri tena wa kujibu maswali nimesimama juani.

Nimeifungua kidogo. Kilichoingia ni kuvu. Kuvu haifuati uchafu, inafuata unyevu. Sema kweli: uliiweka sandukuni pamoja na mablanketi, sivyo? Mutambo angekugombeza. Kitu cha vioo kinakaa kwenye kopo kavu lenye mchele uliokaangwa, na mchele unabadilishwa kila mwezi.

Na macho kutosikilizana ni hivi. Ndani ya kila bomba la jumelle kuna vioo viwili vinene vya pembe tatu. Kazi yao ni kuigeuza picha ikae sawa, maana kioo cha mbele peke yake huleta dunia kichwa chini. Yako ilipigwa mahali, kimoja kimehama kidogo. Nitavitoa vyote vinne, nitavisafisha kwa pamba na spiriti, nitavirudisha kimoja kimoja. Mikono hii imefungua jumelle za wenye boti wote, kuanzia hapa mpaka Nundu, na hakuna aliyerudi kulalamika. Nipe siku nane.

Ombi moja: ukiandika, fanya herufi kubwa kidogo. Taa yangu ni dhaifu siku hizi.

Wako, Rashidi, fundi

*

Mlimani, tarehe 14 Machi 2023

Shemeji,

SIKU NANE ILISHAPITA. Unaona nimeandika herufi kubwa, kubwa kama mbuzi. Taa iko dhaifu ao ni we njo umezeeka?

Silale. Kila asubuhi nasimama ku ukingo wa kilima, natazama mupaka machozi inatoka. Naona kintu nyeupe. Inaweza kuwa shuka, inaweza kuwa ngombe, inaweza kuwa moshi ya jiko yao. Pasta Déogratias alisimama na mi, akasema yeye anaiona shuka kwa macho ya imani. Nikamuuliza: Pasta, iko ku nguzo gani? Akaenda kunywa chai.

Siku ya mwisho nilimuona Ikirezi, miguu yake ilikuwa imevimba, kidole ukiingiza inabaki shimo. Nilimuambia abaki kwangu. Alicheka, akasema bamama ba zamani bako na woga mingi. Woga iko nayo, ndiyo. Nilizika mutoto wake mwaka jana kwa mikono yangu.

Gisa naye hawezi kuacha ngombe na mugonjwa akuje kunieleza. Ananitegemea mi. Alisema: mama, we tazama tu. Sasa natazama na nini?

Tuma hata kama haijaisha muzuri.

Nyirarukundo

*

Baraka, tarehe 19 Machi 2023

Shemeji yangu,

Soma pole pole, usikasirike kabla ya kufika mwisho.

Jumelle haikurudi kuwa jumelle, imekuwa tube, darubini ya jicho moja. Nilipofungua, nilikuta kati ya vile vioo vinne vya pembe tatu, vitatu vimeshapasuka. Nadhani ni lile pigo la zamani. Vioo hivyo havipatikani hapa, hata Uvira sikuvipata, na kuagiza mbali ni miezi. Wewe huna miezi.

Basi nimefanya hivi. Nimechukua kioo cha mbele cha upande mmoja, kimetakata, kuvu yote imetoka. Nimekipachika kwenye kipande cha tuyau ya plastiki, bomba lile la maji. Ndani nimepaka masizi ya sufuria na gundi ili mwanga usirukeruke. Nyuma nimeweka kioo kidogo cha jicho, na pembeni yake nimezungushia mpira wa ndani wa tairi la baiskeli ili usiumie. Kuona vizuri, vuta na sukuma kile kibomba cha nyuma pole pole mpaka picha ikae.

Sasa jambo kubwa. Kwa kuwa vile vioo vya kugeuza havimo, utaona dunia kichwa chini. Nyumba itaning'inia, ng'ombe watatembea angani. Si uchawi, usimwite Pasta. Macho huzoea baada ya siku mbili. Mimi nimeijaribu kwenye mlingoti wa boti ya Saleh, pale ufukweni: nimeona mpaka kamba zake, ila mlingoti umesimama kwa kichwa.

Casimir ameificha kwenye gunia la ndagala, dagaa wakavu. Itanuka, nisamehe.

Mungu amfungue Ikirezi salama.

Rashidi

*

Mlimani, tarehe 25 Machi 2023

Shemeji Rashidi, fundi ya bafundi,

Aksanti, aksanti, aksanti! Inanuka kama soko ya Lweba, lakini inaona! Casimir alifika jana jioni, jua ilikuwa bado iko, nikakimbia ku ukingo. Wee! Nilipiga kelele. Ngombe za Gisa ziko zinatembea mu mawingu, miguu juu! Nilicheka mupaka nikakaa chini. Tangu Mutambo alikufa sijacheka vile.

Kisha nilitafuta nyumba. Iko inaning'inia vile ulisema. Na shuka niliiona, nyeupe, muzuri kabisa. Iko ku nguzo ya amani! Leo asubuhi natazama tena, iko palepale ku nguzo ya amani. Shemeji, nilimushukuru Mungu pale pale mu majani.

Banaume ba kipoyi balikuwa banalalamika, mahindi inataka palizi na mi nabafunga hapa. Leo nimebaachilia baende ku mashamba, hata kule mbali, siku tano ao sita. Ikirezi iko na wakati.

Kintu moja tu: Gisa alihamisha zizi bila kuniambia. Mbele, na jumelle ya zamani, niliona zizi iko kushoto ya nyumba. Sasa iko kulia. Sijui alitaka nini, kazi yote ile kwa bule. Bijana ba leo!

Casimir anashuka sasa hivi, nafunga barua. Nitakutumia siagi.

Nyirarukundo mwenye furaha

*

Baraka, tarehe 28 Machi 2023, saa sita

Mama Gisa,

Gisa hakuhamisha zizi.

Nuru binti yangu amenisomea barua yako sasa hivi, na alipofika kwenye zizi nilimwambia rudia. Nikachukua tube ya pili, ile ninayoitengeneza kwa jicho lililobaki la jumelle, nikakimbia ufukweni na saumu yangu. Mimi nikitazama ziwa, Lweba iko kushoto kwangu. Boti ya Saleh ilikuwa inatoka Lweba kuja hapa. Kwa macho inatoka kushoto. Kwenye tube inatoka kulia.

Kile kinachogeuza juu kuwa chini kinageuza na pande. Unachokiona kushoto kiko kulia, unachokiona kulia kiko kushoto. Nilijua! Tangu ujana wangu najua. Nikakuambia juu na chini, pande nikasahau, maana nilijaribu kwenye mlingoti, na mlingoti hauna kushoto wala kulia.

Shuka unayoiona kwenye nguzo ya amani iko kwenye nguzo ya kipoyi. Wanakuita. Wanakuita tangu siku ile ulipofurahi.

Ita wanaume. Usingoje wote wanane, nenda na waliopo. Casimir amepanda pikipiki, nimemwambia asilale Lubondja, apande kwa miguu mpaka kwako.

Ee Mola.

Rashidi

*

Baraka, tarehe 8 Aprili 2023

Shemeji,

Casimir amerudi. Anasema alikupa barua mkononi tarehe 30 mchana, ukaisoma umesimama, ukapiga yowe, ukakimbia kuelekea mashamba. Zaidi ya hapo hajui. Mimi nafuturu maji matupu.

Niandikie, hata neno moja. Hata kama ni lile baya.

Rashidi

*

Mlimani, tarehe 12 Aprili 2023

Rashidi,

Banaishi. Naanza na ile juu unafunga, na sipendi ufe.

Siku ile nilikusanya banaume mu mashamba mupaka jioni, nilipata batano. Tulivuka korongo usiku, tukafika jua inatoka. Nyumba ilikuwa wazi. Mulango inapigapiga na upepo. Ku majani ya kulalia kulikuwa damu, mingi. Shuka ilikuwa ku nguzo ya kulia, imelowa mvua. Nguzo ya kulia, Rashidi, ile ya kipoyi. Na zizi iko kushoto, palepale Gisa aliijenga. Niliishika ile shuka, nikaikamua mvua.

Banaume nilituma kwa bazazi ya Ikirezi balileta habari: uchungu ulimushika tarehe 24, ukaenda ukarudi, siku tatu. Mutoto alikuja miguu mbele. Gisa alimuvuta vile anavutaka ndama, hakuna mutu mwingine, ni yeye na mikono yake. Mutoto ni musichana. Kisha damu ilikataa kusimama. Gisa alimubeba Ikirezi ku mugongo na mutoto ku kifua, siku nzima, mupaka kwa bazazi ya Ikirezi, kule kuko infirmier, muuguzi. Huyo njo alimuokoa. Ikirezi iko anakunywa uji sasa.

Lakini Gisa hanisemeshe. Alirudi ku ngombe zake, nikamufuata, akanifungia mulango. Anasema kila asubuhi alikuwa anaona kioo yangu inang'aa na jua huku ngambo. Anasema: "Mama alitazama, akakaa." Siku tatu, Ikirezi analia, na yeye anaona kioo inang'aa.

Nilimueleza mambo ya kugeuza. Nilimuonyesha barua yako. Alisema fundi na mama bamepatana uongo, hakuna kioo ya kuhamisha nguzo ya bantu. Tube hakutaka hata kuishika. Sasa natazama kila asubuhi, na naona nguzo mbili, hakuna shuka. Mutoto wangu iko pale, na hakuna shuka.

Na we, uniambie kweli. Jumelle ya Mutambo nilifungia mu sanduku miaka tatu, naitoa tu kutazama, haikuanguka hata mara moja. Vile vioo vitatu, vilipasuka vyenyewe?

Nyirarukundo

*

Baraka, tarehe 18 Aprili 2023

Kwa mwanangu Gisa, mtoto wa Mutambo. Naomba Pasta Déogratias aisome kwa sauti, mbele ya mama yako na wale wanaume wa kipoyi.

Gisa,

Anayeandika ni Nuru, binti yangu. Mimi nasema tu, maana barua sizisomi tena. Hilo ndilo la kwanza nililomficha mama yako. Nilimwambia taa ni dhaifu. Taa ni nzima. Jicho langu la kushoto lina mtoto wa jicho tangu mwaka jana, la kulia linaona vya mbali tu, na nimewaficha wenye boti wote, kwa sababu nani atampa fundi kipofu jumelle yake?

La pili. Vioo vya baba yako havikupasuka vyenyewe. Nilivitoa vizima vyote vinne, nikavipanga kwenye sahani, upande huo wa jicho langu bovu. Nikageuka kuchukua pamba, kiwiko kikaipiga sahani. Vitatu vilivunjika kwenye saruji. Nikaona aibu, nikaandika uongo. Kama si kiwiko changu, mama yako angekuwa na jumelle, na jumelle ingemwonyesha nguzo ya kweli. Na kama si haraka yangu ya kuficha, ningejaribu tube vizuri kabla ya kuituma.

Mama yako hakukaa. Mama yako alitazama kila siku na kila siku kioo changu kikamdanganya. Ukitaka kumchukia mtu, huyu hapa, anaitwa Rashidi, nyumba yake iko nyuma ya msikiti, hapa Baraka kila mtu anaijua.

Unasema hakuna kioo cha kuhamisha nguzo. Usiniamini mimi. Nakutumia tube ya pili, nimeitoa kwenye jicho lingine la jumelle ya baba yako, ni pacha wa ile ya mama. Simama hapo kwako, tazama nyumba uliyozaliwa. Wewe unajua jiko lake liko upande gani. Tazama, halafu ujiulize mama yako aliona nini.

Mwanangu, nilikuwa nakula kwenye sahani moja na baba yako. Sikustahili hata kuwaandikia nyinyi barua nyingine. Lakini mtoto huyo msichana, nisalimie.

Rashidi

*

Kilima cha ngambo, tarehe 3 Mei 2023

Baba mudogo Rashidi,

Pasta alisoma barua yako mu kanisa, bantu bote banasikia. Mi sikuwa pale. Casimir alinieleza, akaniachia tube ku mulango juu nilikataa kufungua. Ilikaa pale inje siku ine. Mbuzi ilijaribu kuikula.

Siku ya tano niliitwaa. Nilitazama nyumba yetu. Nyumba ile baba aliijenga mi niko mutoto wa kubebwa, na jiko iko kulia kwa mutu mwenye kutazama toka huku, tangu siku ile mupaka leo. Mu tube jiko iko kushoto. Nikatoa jicho, nikatazama na macho yangu: moshi iko inatoka kulia. Nikarudisha jicho: kushoto. Nilifanya vile mara kumi. Na mu tube nilimuona mama, kichwa chini, amesimama ku ukingo. Ameshika yake, ananitazama. Sikujua kama yuko anafanya vile kila siku.

Sikulala. Asubuhi nilitwaa shuka. Sikuitundika ku nguzo ya amani. Niliitundika ku nguzo ya kulia, nikakaa chini nikangoja, vile Ikirezi alingoja.

Jua haijafika katikati, nilisikia bantu mu korongo. Mama alikuwa mbele, bila viatu, na banaume munane nyuma na kipoyi. Alikuwa analia toka mbali: iko wapi? Mugonjwa iko wapi? Nilimuambia: Mama, mugonjwa haiko. Nilitaka tu kuona kama utakuja.

Alinipiga kofi, nguvu sana. Kisha alikaa chini mu majani, akanivuta shingo nikakaa naye, mupaka banaume bakaanza kukohoa.

Kwa bazazi ya Ikirezi ni siku nzima, na miguu ya mama ilikuwa imepasuka. Basi kipoyi haikurudi bule. Tulimuweka mama ndani, mi nikashika muti wa mbele, tukamubeba akaone mujukuu wake.

Ni mi, Gisa